Nyumba Inabaki, Wanafunzi Wanapita

Hotuba iliyotolewa Moshi mbele ya wanafunzi wa vyuo na wazazi wao, mwanzoni mwa mwaka wa masomo

Wazazi wangu, shikamooni. Wadogo zangu wanafunzi, habari za mchana, na poleni na jua kwa wale mliopanda kwa miguu kutoka Pasua na Majengo.

Nimeombwa nizungumzie nyumba ya ushirika ya wanafunzi: inavyoanza, inavyoendeshwa mwaka mzima wa masomo, na inavyokufa. Nitakaa zaidi kwenye kufa. Kuanza si kazi kubwa. Wanafunzi kumi wakikubaliana jioni hii, wiki ijayo wanaweza kuwa wamepata nyumba Rau au Soweto, wamenunua mtungi wa gesi na masufuria mawili makubwa, maisha yanaendelea. Swali gumu linakuja miaka mitatu baadaye, siku wale kumi wanapovaa joho na kupiga picha na wazazi. Ufunguo anaachiwa nani? Mkataba uko kwa nani? Pesa ya dharura iko kwenye simu ya nani? Nyumba nyingi za namna hii hufa wiki ile ile, katikati ya shangwe, na wala hakuna anayegundua kwamba kuna kitu kimekufa.

Lakini kwanza tuelewane kwa nini tuko hapa.

Hali ya makazi mnaijua kuliko mimi. Hosteli za chuo hazitoshi. Majina yanabandikwa, unatafuta lako hulioni, unaingia mtaani. Huko unakutana na dalali, anataka kwanza hela ya kukuonyesha chumba, halafu ukikipenda anataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake. Mwenye nyumba naye anataka miezi sita mkupuo, wengine mwaka. Wakati huo boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, halijatoka, na wengine hapa hawana boom kabisa. Kwa hiyo simu inapigwa nyumbani, na mama ambaye alishauza kilichouzika ili kulipa ada anaanza kutafuta tena cha kuuza. Mwezi wa saba unaitwa field, mafunzo ya kazini, Dodoma au Mwanza, wiki nane. Godoro lako limefungiwa chumbani Moshi, kodi inahesabika, na huko ulikokwenda unapanga chumba kingine. Mwanafunzi mmoja, kodi mbili, kipato hana.

Nyumba ya ushirika inabadilisha jambo moja tu, na mengine yote yanatokana na hilo. Wapangaji, wakiwa chama, wanashika nafasi ya mwenye nyumba. Chama ndicho kinachosaini mkataba, au kinachonunua nyumba pale uwezo unapofika. Kodi anayolipa mwanachama inapangwa kwa gharama halisi ya nyumba, faida ya mtu haimo. Kila mwanachama ana kura moja, awe mtoto wa mkurugenzi au wa mama muuza ndizi wa Kiboriloni. Na kazi zote ambazo mwenye nyumba angemlipa mtu azifanye, au angeziacha zisifanyike, mnazifanya ninyi. Unafuu unatoka hapo. Hautoki kwa mfadhili.

Jambo hili halikubuniwa na mimi, wala si la majaribio. Kanuni ya mtu mmoja kura moja ilipata nguvu katika mji wa Rochdale, Uingereza, ambako watu 28, baadhi yao wafumaji, walifungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844 wakiwa na mtaji wa pauni 28. Walianza na unga, siagi, sukari, uji wa shayiri na mishumaa. Miaka karibu tisini baadaye, uchumi wa dunia ulipoanguka, wanafunzi wa Marekani waliokuwa wanashindwa kula waliichukua kanuni hiyo wakaipeleka kwenye nyumba za kulala. Huko Ann Arbor, Michigan, nyumba ya kwanza ilianza mwaka 1932. Huko Berkeley, California, mwaka 1933, wanafunzi 14 walianza pamoja wakisaidiwa na Harry Kingman, aliyekuwa akiongoza kituo cha vijana wa YMCA pale. Ushirika huo wa Berkeley upo hadi leo na unalaza zaidi ya wanafunzi elfu moja. Uingereza yenyewe ilichelewa. Edinburgh wanafunzi walifungua nyumba yao mwaka 2014, wakazi 106, wakijiendesha wenyewe.

Sasa nirudi hapa tulipokaa, maana jambo hili linaniuma. Kama kuna mji Afrika usiohitaji kufundishwa ushirika na mtu wa nje, ni Moshi. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao cha wapanda kahawa, Joseph Merinyo akiwa mbele. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao. Pesa ya kahawa ilisomesha watoto wa mlima huu, na wapo wajukuu wao humu ukumbini. Mwaka 1963 kikaanzishwa Chuo cha Ushirika, ambacho tangu 2014 ni chuo kikuu kamili. Kwa hiyo tuna mji ambamo kijana anasoma ushirika darasani asubuhi, anafanya mtihani wa kanuni zake na kupata A, halafu jioni anamlipa dalali. Siwalaumu vijana. Nasema tu kwamba elimu hiyo imekaa muda mrefu mno kwenye makaratasi, na chumba unacholala ni mahali pazuri pa kuanza kuitumia.

Najua pia kwamba kuna wazazi hapa wakisikia neno ushirika mioyo inasita. Mna haki. Mnakumbuka mwaka 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu, hadi sheria ya 1982 ilipovirudisha. Mnakumbuka kahawa iliyopelekwa chamani na malipo yaliyosubiriwa hadi mtu akachoka kuuliza. Sitawaambia msahau. Nitawaomba mkumbuke kwa makini zaidi, kwa sababu mkulima aliumizwa pale ambapo hakuweza kuona daftari. Nyumba ya watu kumi na wawili daftari lake linaweza kulala mezani sebuleni, wazi, kila siku. Huo ndio ukubwa ninaoutetea leo.

Jambo linaloua nyumba nyingi kabla hata ya mahafali ni kalenda. Mwaka wa masomo na mwaka wa nyumba havilingani. Mwanafunzi anaingia Oktoba au Novemba, anatoka Julai. Nyumba haiendi likizo. Kodi inakwenda miezi kumi na miwili, bili ya maji inakuja, bati linavuja mvua za Machi hata kama wote mmekwenda nyumbani kwa likizo ya katikati. Ushirika usiopanga kwa kalenda zote mbili unajidanganya kwa bei.

Tufanye hesabu, mwenye simu aifungue. Chukua nyumba ya vyumba sita, kodi 600,000 kwa mwezi, wawili kila chumba, jumla watu 12. Mtu wa haraka atasema 600,000 gawanya kwa 12, kila mmoja 50,000, rahisi. Wanafurahi, wanalipana hivyo kwa miezi tisa, wanakusanya 5,400,000. Lakini kodi ya mwaka ni 7,200,000. Kuna pengo la 1,800,000, na pengo hilo linaonekana Julai, wakati kila mtu amebeba begi. Hapo ndipo urafiki wa miaka unapovunjika. Hesabu ya kweli ni kuugawa mwaka mzima: 7,200,000 kwa watu 12 ni 600,000 kila mmoja. Ukiilipa ndani ya miezi tisa uliyopo, inakuwa kama 66,700 kwa mwezi. Si 50,000. Bora mtu aijue bei hiyo Oktoba, akatae mapema au akubali akijua.

Mnaweza kuipunguza. Julai hadi Septemba Moshi na Arusha hupokea wanafunzi wa vyuo vya mbali waliokuja field: hospitali ya KCMC, kwenye mabenki, halmashauri, na kule Arusha kwenye ofisi za TANAPA na za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hao nao wanatafuta vyumba vya wiki nane na hawapati, kwa sababu mwenye nyumba anataka miezi sita. Chama kikiwapangisha vyumba vilivyo wazi, tuseme mkapata 900,000 tu, nusu ya pengo, mchango wa kila mwanachama unashuka hadi 525,000 kwa mwaka, yaani kama 58,300 kwa mwezi. Lakini sikilizeni: ruhusa ya kupangisha likizo iandikwe kwenye mkataba na mwenye nyumba tangu siku ya kwanza. Msiifanye kwa kujificha. Mwenye nyumba atajua, mtaani hakuna siri, na mtaanza Oktoba mkiwa nje.

Halafu kuna suala la tarehe ya kulipa. Wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo wanajua fedha ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, nayo haiji kila siku wala kila mwezi, inakuja kwa awamu. Ratiba ya michango ya nyumba ifuate awamu hizo. Kumdai mtu tarehe moja ya mwezi wakati unajua boom linatoka katikati ni kumtafutia fedheha bure. Kwa wasio na mkopo, wanaolipiwa na nyumbani, ratiba yao iwe nyingine, labda ifuate mavuno au mshahara wa mzazi. Chama cha watu 12 kinaweza kubeba ratiba mbili. Benki isingeweza kuwafanyia hivyo, ninyi mnaweza, kwa sababu mnajuana.

Juu ya kodi wekeni akiba ya matengenezo, hata iwe 5,000 kwa mwezi kila mtu, na isiguswe kwa chakula. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu nimeona inavyokwenda: wiki boom limechelewa, mtu anasema tuikope kidogo tununue unga, tutarudisha. Hairudi. Bomba linapopasuka mnabaki kutazamana.

Sasa kazi. Kule Berkeley mwanachama wa nyumba hufanya kazi saa tano kwa wiki: kupika, kuosha, kusafisha vyoo, kununua vyakula, kutengeneza. Kwetu mimi naona saa nne zinatosha, kwa sababu nyumba zetu ni ndogo, ila maji yakikatika saa hizo zitaongezeka tu, mtu lazima abebe ndoo. Wazee wa hapa hawana haja ya kuelezwa zamu ni nini. Mfongo, mfereji ulioshusha maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani, ulikuwa na watu wake, ukiharibika wanaitwa, asiyekuja kuchimba anatozwa, na maji yanagawiwa kwa zamu inayojulikana. Tozo ilikuwepo, lakini hakuna aliyesema mimi nitalipa tu hela, chimbeni ninyi. Na hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wanaopenda faini. Faini ya pesa kwa aliyeruka zamu inamfaa mwenye pesa. Atalipa 3,000 kila wiki, ataendelea kulala, na mtoto wa maskini ataosha vyombo vya watu 12 huku akiambiwa mambo yako sawa. Aliyeruka zamu afanye zamu mbili wiki inayofuata. Akiruka mara tatu bila sababu, mkutano wa nyumba umhoji mbele ya wote. Hiyo inatosha, niamini.

Zamu zipangwe kwa kuwajua watu. Msabato asipewe kusafisha Jumamosi, apewe Jumapili, na Mkristo mwingine amshikie. Ijumaa mchana Muislamu yuko msikitini, chakula cha mchana apike mwingine. Ramadhani ikifika, anayeamka kuandaa daku asihesabiwe kuwa anatumia gesi ya watu. Wekeni fungu lake kwenye bajeti ya mwezi huo. Kitimoto kisiingie kwenye sufuria za pamoja, hata kama Waislamu kwenye nyumba ni wawili tu. Anayekitaka anajua kinapochomwa. Na wavulana, nawaambia kwa upendo, zamu ya jikoni ni yenu pia. Nimeona nyumba ambayo vijana wa kiume walichukua zamu ya luku, yaani kununua umeme, na zamu ya kulipa maji, kazi za kubofya simu, na wasichana wakabaki na jiko na mifagio. Hiyo si zamu. Mvulana aliyelelewa na mama wa Kichaga anajua mtori unavyopikwa, alishauona tangu mdogo. Na kama hajui, mwaka mmoja wa masomo unatosha kabisa kujifunza.

Chakula cha pamoja ndicho kitakachowapa nafuu mnayoisikia mfukoni haraka zaidi. Mtu mmoja mmoja ananunua robo ya maharage na mtungi mdogo wa gesi, anapika mara tatu kwa siku vyakula vidogo vidogo, gesi inaisha. Watu 12 wananunua gunia la maharage Mbuyuni, wanatafuta mchele wa Mabogini kwa wanaolima wenyewe, wanachemsha sufuria moja kubwa usiku na maharage yanaliwa siku mbili. Ndizi zinakuja na mwanachama aliyetoka Marangu au Machame wikiendi, na thamani yake inaandikwa kwenye daftari kama mchango wake. Hilo la kuandika msilione dogo. Mtoto wa mkulima ambaye kwao pesa taslimu ni ngumu anaweza kulipa sehemu ya chakula kwa mikungu ya ndizi, kichwa kikiwa juu. Lakini bei ya mkungu ipangwe na mkutano, isipangwe na mwenye mkungu wala na mtu wa manunuzi peke yake.

Luku itawagombanisha. Hilo nalijua kabla hamjaanza. Mmoja ana pasi, mwingine ana jiko la umeme chini ya kitanda, mwingine Julai baridi inapobana anachemsha maji ya kuoga kwa hita. Msiingie kwenye upelelezi wa nani kala uniti ngapi. Amueni vifaa vinavyoruhusiwa na visivyoruhusiwa, gawaneni sawa, muendelee na masomo. Wiki za UE, mitihani ya mwisho wa muhula, punguzeni kazi zote zibaki kupika na choo tu.

Narudi sasa kwenye kifo cha nyumba.

Kuna nyumba moja Arusha, sitaitaja mtaa. Vijana wanane wa mwaka wa kwanza, marafiki tangu kidato cha sita, walipanga nyumba nzima na kuiendesha vizuri kwa miaka mitatu. Zamu zilikwenda, chakula kilikuwepo, majirani waliwapenda. Wote wanane walikuwa mwaka mmoja. Wote wanane walihitimu siku moja. Waliokuwa wanataka kuingia nyuma yao walifika wakakuta mkataba umeandikwa kwa jina la mtu ambaye ameshapata kazi Mtwara. Dhamana waliyoweka kwa mwenye nyumba haikuwa na risiti inayoonekana. Akiba ilikuwa kwenye laini ya simu ya mweka hazina, ambaye kwa uaminifu wake aliigawa kwa wenzake wanane, kwa sababu walidhani ni yao. Masufuria waligawana. Hakuna aliyeiba. Walikuwa vijana wema kabisa, na nyumba ikafa mikononi mwao.

Walichokosa ni kujiona wanapita. Nyumba ya kawaida ina mwenye nyumba anayebaki, wapangaji wakija na kuondoka. Nyumba ya ushirika ya wanafunzi haina mtu anayebaki. Kila baada ya miaka mitatu watu wote ni wapya. Kwa hiyo kila ambacho mwenye nyumba angekikumbuka kichwani, chama lazima kikikumbuke kwa maandishi na kwa utaratibu.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu, na ningependa mnibane kwa maswali juu yake. Mkataba usiandikwe kwa jina la mtu. Uandikwe kwa jina la chama, na chama kiandikishwe. Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013 inautambua ushirika wa nyumba. Nendeni kwa Afisa Ushirika wa halmashauri, atawaeleza masharti yanavyoandikwa na jinsi maombi yanavyofika kwa Mrajis. Ni safari ya makaratasi, itawachosha, nendeni tu. Chama kilichoandikishwa kinafungua akaunti kwa jina lake, kinakaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, na mzazi anayesita anakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko. Hisa ya mwanachama anarudishiwa akitoka. Akiba ya nyumba, vyombo, na dhamana ni mali ya chama, havigawanywi, na hilo liandikwe kwenye masharti kwa herufi kubwa kabla hamjachangishana hata shilingi.

Uchaguzi wa viongozi msiufanye Julai. Ufanyeni Februari au Machi, baada ya mitihani ya muhula wa kwanza. Viongozi wapya wakae na wa zamani muhula mzima wa pili, mweka hazina mpya aandike daftari mkononi mwake huku wa zamani akitazama, katibu mpya aende na wa zamani kwa mwenye nyumba, ajulikane sura. Julai wanapoondoka wakubwa, hakuna kinachokabidhiwa kwa haraka, kilishahamia tayari. Na mweka hazina si lazima awe anayesoma uhasibu. Chagueni anayejibu simu na asiyeona haya kumdai rafiki yake.

Jambo la vyumba ni zito zaidi, na ndilo litakalopingwa. Katika kila nyumba, theluthi moja ya nafasi iwe ya mwaka wa kwanza, kila mwaka, bila kukosa. Mtakapoanza mtataka kujaza nyumba na marafiki zenu, na mtaniambia hamuwezi kuishi na mtu msiyemjua. Ndivyo walivyofanya wale wanane wa Arusha. Yule wa mwaka wa kwanza asiyejua hata choo kinafungwaje ndiye atakayekuwa na ufunguo ninyi mkiwa Mtwara.

Na nyumba moja peke yake haitoshi. Ann Arbor walilijua hili mapema: nyumba zao ndogo ndogo ziliungana mwaka 1937 wakaunda baraza moja, na baadaye baraza hilo ndilo likawa linamiliki majengo. Kwa hiyo nyumba moja ikiyumba, nyingine zinaishika. Ni mpango ule ule wa vyama vya msingi na chama kikuu ambao babu zetu waliujenga kwa kahawa. Moshi ikiwa na nyumba tatu au nne za wanafunzi, moja ya wasichana, moja ya wavulana, moja karibu na KCMC kwa wale wa zamu za usiku hospitalini, zinaweza kuwa na chama kimoja, akaunti moja ya akiba, na hata kumlipa mtu mmoja mzima wa kutunza hesabu, mtu asiyehitimu kila miaka mitatu. Wazazi wa wasichana wamekuwa wakiniuliza tangu asubuhi kuhusu usalama na kuchanganyika. Jibu langu ndilo hilo, chama kimoja, nyumba tofauti, na wasichana wenyewe wapige kura ya sheria za mlango wao.

Kuungana hakuzuii kila tatizo, nisiwadanganye. Berkeley ilikuwa na jengo kubwa, Barrington Hall, lililowahi kulaza wanafunzi wengi sana na kujulikana kila mahali. Liliharibika kwa dawa za kulevya na kelele, majirani wakachoka wakaenda mahakamani, hadi wanachama wa ushirika wenyewe wakapiga kura lifungwe; likafungwa mwaka 1990. Lakini ona kilichotokea: jengo moja lilifungwa, ushirika ukabaki. Zile nyumba nyingine ziliendelea kupokea wanafunzi Agosti iliyofuata. Lingekuwa peke yake, hadithi ingeishia pale. Na jifunzeni pia kuhusu majirani. Mnaingia mtaa wenye watu wanaolala saa tatu usiku na kuamka alfajiri kwenda sokoni. Balozi wa mtaa ajulishwe mkihamia, aje aone, anywe chai.

Nimalizie na la leo. Daftari la majina liko mezani kwa katibu, pale mlangoni. Andika jina, chuo, mwaka wa masomo, na kama Julai utakuwa field Moshi, Arusha au mkoa mwingine. Andika pia unaweza kulipa lini: kabla ya boom, baada ya boom, au kwa mavuno ya nyumbani, na ni mwezi gani. Jibuni ukweli hapo, msiandike kinachopendeza, kwa sababu ratiba ya michango tutaipanga Jumamosi kwa majibu hayo hayo. Wazazi wenye nyumba au wanaomjua mwenye nyumba aliyechoka na madalali, mwoneni mama aliyekaa karibu na dirisha, anaandika upande wake. Sasa nibaneni kwa maswali, na ningependa aanze mtu wa mwaka wa kwanza.